Maji Waliyomwongezea Mwanangu Tumboni

"Dada, hayo maji hayamzamishi mtoto?" Msomaji mmoja kaniuliza juzi. Ana mimba ya wiki 38 na daktari kamwambia maji ya uzazi yamepungua, huenda akaongezewa mengine akiwa leba. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo niliuliza mimi nikiwa leba hapa Minneapolis, na hakuna aliyenijibu.

Uchungu wenyewe nauruka, mnaujua. Chupa ilishapasuka, maji yakaisha, njia ikafika sentimita 6. Kila uchungu ukibana, mapigo ya moyo wa mtoto yanaporomoka kutoka 140 hadi 70, ukiachia, yanapanda. Kamba ya kitovu cha mtoto ilikuwa inabanwa, haina maji ya kuikinga. Wakanigeuza kushoto, wakanigeuza kulia, wapi! Mume wangu kaikodolea mashine macho kama anaangalia penalti.

Muuguzi akaja na dripu ya maji ya chumvi, nikamnyooshea mkono. Akasema si huko. Wakapitisha mpira mwembamba kwenye mlango wa kizazi hadi kwenye mji wa mimba, yakaingia kama nusu lita kwa nusu saa, kisha kidogo kidogo. Mapigo yakatulia. Nikajifungua mwenyewe, bila kisu, na hilo nitalisema mpaka mnichoke.

Mtoto hazami, mama. Tumboni hapumui kwa mapafu. Hewa yake inapita kwenye kamba ya kitovu, na ndiyo inayookolewa.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba hakuna aliyeniomba ruhusa. Nilipolalamika nikaambiwa mtoto si mzima? Mzima, ndiyo, lakini mwili ni wangu! Basi ulizeni, jamani. Uliza mapigo yanasemaje. Uliza kama maji yanayoingia yanatoka pia, maana yakijaa bila kutoka ni hatari. Ukiambiwa ni ya kusafisha maji machafu, yaani mtoto kajisaidia humo tumboni, uliza mara mbili: utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2005 ulionyesha hayamkingi mtoto asivute uchafu ule mapafuni. Na mapigo yakikataa kutulia, using'ang'anie ushujaa kama wangu, nenda chumba cha upasuaji.

Huyo dada ana kliniki Alhamisi. Nimemwambia aandike maswali kwenye karatasi na ampe mumewe aishike. Wangu alikuwa na simu tu, akaishia kuipiga picha mashine.