Beki asiyeonekana kwenye takwimu

Ndugu yangu, umeuliza kama beki aliyemaliza mechi bila kupora mpira hata mmoja anastahili alama ndogo kuliko mwenzake aliyepora kila mara. Mimi nakataa kabisa.

Nimecheza nambari tano, yaani beki wa kati, miaka mingi huku Kisauni, Mombasa, na siku hizi hukaa na daftari kando ya uwanja kumwandikia kocha wa vijana. Tuna kijana mmoja beki wa kati ambaye matendo yake hayajazi hata mstari mmoja wa daftari. Juzi nilimkazia macho yeye tu. Kila kiungo wa wapinzani alipoinua kichwa kumtafuta mshambuliaji wake, kijana alikuwa keshasogea hatua mbili, njia imeziba, mpira unarudishwa nyuma. Sasa hapo niandike nini? Hajapora, hajakatiza pasi, hajajitupa chini kuuondoa mpira. Mwenzake alijaza ukurasa mzima na mashabiki wakampigia makofi, lakini mipira mingi aliikimbilia kwa sababu alikuwa amepanda mbele akachelewa kurudi.

Hata wakubwa yamewakuta. Manchester United ilipomuuza beki wake Jaap Stam kwa Lazio mwaka 2001, ilisimuliwa sana kwamba moja ya sababu ni takwimu zilizoonyesha anapora mipira michache kuliko zamani. Mwaka 2005 Stam alikuwa anacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa na AC Milan.

Umiliki wa mpira nao usikutishe. Kombe la Dunia 2022, Uhispania walipiga zaidi ya pasi 1,000 dhidi ya Morocco, dakika 120 zikaisha bila bao, kisha wakakosa penalti zao zote tatu. Mpaka wanaingia nusu fainali, Morocco walikuwa wamefungwa bao moja tu, nalo walijifunga wenyewe walipocheza na Kanada. Walikubali kwa hiari yao kuwaachia wenzao mpira mahali pasipo na madhara, wakabana katikati. Ule ulikuwa ulinzi wa hali ya juu, sijali karatasi inasema nini.

Mabao ya kufungwa yana ukweli zaidi, ila kwa msimu mzima. Mechi moja haitoshi. Sisi wa Pwani tunajua: msimu wa kusi, ukicheza kipindi kizima upepo ukikupiga usoni, kipa anapiga mpira mrefu unaishia katikati na kurudi kwenu. Mabeki watafungwa, na hakuna safu ya upepo kwenye takwimu.

Kile kipimo cha mabao yanayotarajiwa (xG) nakiheshimu, kwa sababu kinapima uwezekano wa kila nafasi kuwa bao. Penalti peke yake huhesabiwa karibu bao 0.8. Kinakuonyesha kama timu inaruhusu mashuti ya mbali au ya mdomoni mwa goli. Lakini hicho ni cha timu nzima, na shambulizi lililokufa kabla ya shuti halimo.

Kwa hiyo mkitaka kuwapima mabeki wenu, kila mkipigiwa shuti andikeni mpira ulipotelea wapi, nani hakuwepo mahali pake, na nani alilazimika kuacha mtu wake akazibe pengo. Huyo wa mwisho ndiye ambaye picha za televisheni humwonyesha akipitwa, na lawama zote humwangukia yeye.