Kuunda pinisi ya kukodisha watalii

Ndugu, umeuliza kama inatosha kumpelekea fundi wa Tana Beru, kijiji cha waunda vyombo huko Sulawesi Kusini, Indonesia, picha za vyumba unavyovitaka, kisha usubiri pinisi yako, yaani jahazi la mbao la huko. Haitoshi, na nakusihi usilipe hata malipo ya awali kabla hujawa na mchoro wa mhandisi wa vyombo vya majini.

Mafundi wa Sulawesi Kusini ni hodari kwelikweli. UNESCO iliutambua ufundi wao mwaka 2017. Huanza na mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, wakapandisha mbao za ubavuni kwa misumari ya mti, na mataruma, yaani mbavu za ndani, huingizwa baadaye, kinyume na viwanda vingi. Nikitazama kazi hiyo natamani isife. Lakini umbo hilo lilizoea shehena tumboni. Wewe unataka vyumba juu, viyoyozi, matangi ya maji na sitaha ya kuotea jua. Uzito ukiwa juu, chombo hulewalewa na kinaweza kupinduka. Kwa hiyo jaribio la uthabiti lifanyike chombo kikiwa majini, na farumi, yaani uzito wa chini wa kukituliza chombo, ipangwe kwa hesabu.

Mbao zikauke kabla ya kupigwa. Mbichi hunywea na kalafati, ile pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao, huachia. Ulin, mti mgumu wa huko, kwa mkuku ni chaguo zuri mno. Nyaya za umeme usimwachie seremala, maana moto ndani ya mbao hauna subira.

Lipa kwa hatua, mkaguzi wako akishaidhinisha kila hatua. Na ujue: kubeba abiria ndani ya Indonesia kunahitaji bendera ya nchi hiyo, kwa sheria ya 2008.

Milingoti je, ni ya kusafiria au ya pambo?