Niliangalia ada, nikasahau kuhesabu kompyuta

Nilipomaliza kidato cha sita nilikuwa na kipimo kimoja tu cha chuo, nacho ni ada. Mimi na baba tulikaa kibarazani kwetu Sakina, Arusha, tukatandaza vipeperushi mkekani, tukaokota chenye tarakimu ndogo. Chuo chenyewe sitakitaja. Darasa letu la TEHAMA lilikuwa na watu themanini na ushee, maabara ina kompyuta kumi na mbili zinazowaka. Mwalimu aliandika programu ubaoni kwa chaki, nasi tukainakili daftarini kama mashairi. Ikabidi ninunue laptopu ya mtumba, bando kila siku, na vifodi viwili kwenda, viwili kurudi. Nilipokuja kujumlisha, ule unafuu ulikuwa umekwisha kabla ya mwaka wa pili kufika.

Sasa mdogo wangu naye anatafuta shahada hiyohiyo, na safari hii ada tumeiweka pembeni kwanza. Tumeanza na kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ambacho hutoka kila mwaka na unakisoma bure mtandaoni. Mle kila programu imeandikwa sifa zake na miaka yake. Ukiambiwa jina la shahada usilione mle, aga uondoke, hata kama jengo lina vioo. Kwa wa kidato cha sita, kiwango cha chini ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4 (A ni 5, E ni 1). Wa diploma anahitaji GPA, yaani wastani wa alama zake, ya 3.0.

Diploma nayo ina maneno yake. Mama mdogo anasema ni ya waliofeli, na hapo tunakosana. Vijana wa diploma niliosoma nao walikuja wanajua kufungua mashine na kuunganisha mtandao, sisi wa kidato cha sita tukiwakodolea macho. Ila usiichague ukidhani ni rahisi mfukoni: kutoka kidato cha nne ni miaka mitatu ya diploma, kisha shahada, wakati kidato cha tano na sita shule za serikali siku hizi hazina ada.

Huku kwetu unaweza kuanzia Chuo cha Uhasibu Njiro, ambacho licha ya jina lake kinafundisha na kompyuta. Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, chenye shahada inayochanganya biashara na TEHAMA. Aliyeajiriwa aulizie Chuo Kikuu Huria. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru hakuna shahada ya kwanza, ni uzamili na uzamivu. Kila mwaka nakutana na mzazi aliyeshika vyeti vya kidato cha sita akiulizia njia ya kwenda huko.

Ukifika chuoni, omba karatasi ya malipo ya miaka yote, siyo ya muhula wa kwanza. Humo utakuta usajili, mitihani, kitambulisho, bima, na ile 20,000 ya TCU ya kila mwaka. Kisha nenda kantini, ukae na wa mwaka wa tatu. Muulize mfumo gani ameujenga kwa mikono yake, na fildi, yaani mafunzo kazini, alifanyia wapi. Mmoja aliniambia fildi yake yote alikuwa akitoa fotokopi. Jibu la namna hiyo hulipati kwenye kipeperushi.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo tutaomba, lakini nimemwonyesha mdogo wangu kile kipengele cha makato: asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Alinyamaza kidogo, akauliza kama chumba cha watu wawili kinapatikana.

Jumanne tunapanda Coaster kwenda Moshi, kilomita kama 80. Nimechagua siku ya masomo makusudi, maana siku ya maonyesho kila mashine huwaka. Daftari atabeba yeye, na ukurasa wa kwanza ni wa kuhesabu kompyuta.