Mbuzi wa 1968 na Mustang ya juzi: niliyojifunza kwa kupigwa

Kila nikiposti picha ya gari yangu swali linakuja lile lile, kaka hiyo ikisimama na gari ya sasa hivi nani anamuacha mwenzie? Jibu ni gari ya sasa, tena sio kidogo. Nimeshapigwa mbele za watu hapa Texas na dogo ambaye baba yake alikuwa hajazaliwa wakati gari yangu imeshaanza kutembea barabarani.

Gari yenyewe ni Pontiac GTO ya 1968, V8 ya lita 6.6, otomatiki ya gia tatu, kabureta moja kubwa, breki za drumu mbele na nyuma. Wamarekani GTO wanaiita Mbuzi tangu zamani, kwa hiyo na mimi namwita Mbuzi, na kwa tabia zake za kugoma jina limemkaa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini namba za kwenye kitabu. Kitabu kinasema hosipawa 350, Mustang GT ya 2018 ya dogo ina 460, nikaona aah tofauti ndio hiyo tu, nikijipanga vizuri namsogelea. Kumbe zile 350 walizipima injini ikiwa juu ya stendi peke yake, haina sailensa, haizungushi oltaneta wala kitu kingine, yaani imevuliwa kila mzigo. Ni mpaka modeli za 1972 ndio kampuni za Marekani zikahamia kwenye kupima injini ikiwa imevaa kila kitu, na ghafla namba zikaporomoka watu wakadhani magari yameibiwa nguvu (kweli nyingine zilipungua kwa sababu ya sheria za moshi, lakini sehemu kubwa ilikuwa ni mzani tu umebadilika). Sasa chukua Camry V6 ya 2018, ile ya kupeleka watoto shule na kubebea sembe, ina hosipawa 301 za mzani mpya na robo maili, yaani mita 402, inaimaliza kwa sekunde 14 na pointi kadhaa. Mbuzi wangu ni 14.9. Nimeshakubali, Camry ya mama watoto inaniacha, na hapo hatujaitaja Dodge Demon 170 ya 2023 inayokula 8.91, wala Tesla Plaid yenye hosipawa 1,020 na haitoi hata mlio. Huko usiende kabisa.

Basi siku ile tulienda kwenye uwanja wa resi za robo maili, jioni ya watu wote, unalipa kiingilio, gari inakaguliwa, unapanga foleni. (Gari ikishuka chini ya sekunde 14 sheria za NHRA, chama cha resi hizi Marekani, zinataka helmeti, mimi nilivaa hata kama Mbuzi hafiki huko, na wewe vaa.) Kabla ya mstari kuna sehemu imemwagwa maji, wenye tairi za resi wanaingia pale wanazungusha tairi mpaka moshi, tairi inapata moto na kunata. Nikaiga. Moshi ukatoka mzuri, watu wakapiga makelele, nikajiona bingwa. Ila tairi zangu ni za kawaida zina michirizi, na ile michirizi imebeba maji mpaka kwenye mstari, taa ilipowaka kijani nikakanyaga mpaka chini Mbuzi akabaki anazunguka tairi pale pale kama anatafuta kitu alichodondosha. Dogo wakati huo alishakuwa kisogo. Kama una tairi za michirizi zunguka pembeni ya maji, zungusha tairi kidogo kwenye pakavu kuondoa mchanga, basi. Na usikanyage kwa mpigo. Gari ya dogo ina kompyuta inayopunguza nguvu yenyewe tairi ikianza kuteleza na ina gia kumi za kuchagua, kwako wewe kompyuta ni kidole gumba cha mguu.

Halafu kusimama. Hapa nisikilize vizuri maana ndipo watu wanapoumia. Nilivuka mstari kwenye kilomita kama 150 kwa saa, nikakanyaga breki, sukani ikavuta kushoto, nikakanyaga tena, pedo ikawa ngumu kama jiwe na gari bado inaenda, drumu zikipata moto zinakataa kushika. Nilitumia karibu njia yote iliyobaki. Nilitoka pale mikono inatetemeka na wiki iliyofuata hela niliyokuwa nimeweka ya kabureta kubwa zaidi ikaenda kwenye diski za mbele. Fundi wangu alikuwa ameniambia hilo mwaka mzima lakini alikuwa anampigia mbuzi gitaa, na mbuzi ni mimi.

Sasa raha iko wapi? Iko kwenye resi za braketi. Kila mmoja anaandika kwenye kioo muda anaosema gari yake itatumia, mwenye gari pole anaruhusiwa kwanza, mwenye kasi anasubirishwa ile tofauti. Wa kwanza kufika anashinda, ila ukienda haraka kuliko muda ulioandika mwenyewe umejifunga. Hapo hosipawa hazina maana tena, kinachotakiwa ni gari inayorudia kitu kile kile na dereva aliyetulia. Nilirudi baada ya miezi miwili na daftari, kila nikikimbia naandika muda, joto la hewa, upepo wa tairi. Mara tatu nikapata 14.93, 14.96, 14.91. Nikaandika 14.90. Dogo akaandika 12.50. Nikatangulizwa sekunde 2.4.

Na taa usisubiri kijani. Zinashuka njano tatu, moja moja kila nusu sekunde, ondoka ukiiona njano ya mwisho, maana mpaka mguu uamke na gari ishtuke kijani itakuwa imeshafika. Nimeondoka safi, sitazami kioo, nasikia tu ule mlio unakuja nyuma unakua unakua, kwenye mita za mwisho akanipita. Nikajua nimeliwa tena. Nafika kwenye kibanda napewa karatasi, mimi 14.94, yeye 12.41. Amejifunga! Jua lilishazama, hewa imepoa, hewa ya baridi ni nzito na injini inaipenda, gari yake imeongezeka mbio na yeye hakurekebisha muda wake, halafu alivyoniona mbele hakuachia mafuta hata kidogo.

Nilimwonesha karatasi, akaisoma mara mbili, akasema "braza hii sheria ya wazee". Nikapanda garini niondoke kwa maringo, nazungusha ufunguo, kimya. Stata ya Pontiac iko jirani kabisa na ekzosi, ikipikwa inagoma mpaka ipoe. Tulikaa pale dakika arobaini boneti iko wazi, dogo akaenda kununua soda mbili, na hakuacha kucheka.