Bunduki ya baridi isimfunge mchezaji mikono

Kama unatengeneza gemu ya vita vya meli za angani, zile zinazoelea kwa puto la gesi, na umefika kwenye silaha ya baridi, tafadhali usirudie kosa langu.

Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa ikikupata unaganda sekunde 3. Hupigi kona, hufyatui. Nilijiona fundi. Nikampa mpwa wangu aijaribu hapa nyumbani Kisumu. Alipogandishwa mara ya pili akaweka pedi ya gemu mezani, akaniuliza, "Sasa anko, mimi nacheza ama natazama?"

Jibu nililipata Dunga nilipoenda kununua mbuta. Vijana wawili walikuwa wamebeba kreti ya samaki bila shida. Mama mwenye mali akaongeza barafu hadi juu, na safari hii wakaiinua wakiguna. Nikasimama pale kama mjinga, samaki mkononi. Barafu ni mzigo! Na meli ya puto haina adui mkubwa kuliko mzigo.

Basi nikafuta kugandisha. Sasa kila risasi inaongeza utando wa barafu juu ya puto, na meli inaanza kuzama taratibu. Tena baridi inasinyaza gesi yenyewe: gesi iliyo kwenye nyuzi 27 ukiipoza hadi 3 chini ya sifuri, huku kanieneo, yaani presha, ikibaki ileile, ujazo wake unapungua kwa sehemu moja ya kumi, na nguvu ya kuinua inapungua vilevile. Hapo ndipo silaha hii inapopata kazi yake. Moto unatisha meli ya haidrojeni, Hindenburg iliyoteketea 1937 inatosha kuwa ushahidi, lakini heliamu haishiki moto. Baridi haichagui gesi.

Kuna zawadi nyingine kutoka kwa historia. Mwaka 1926 meli Norge ilipovuka Ncha ya Kaskazini kwenda Alaska, barafu iliganda kwenye rafadha, zile panga zinazozunguka kuisukuma meli, kisha vipande vikarushwa na kutoboa kitambaa cha meli. Nimeiweka: ukizidisha kasi huku umeganda, unajitoboa mwenyewe.

Lazima mchezaji awe na la kufanya. Wangu anaweza kumwaga mifuko ya mchanga, au kuelekeza joto la injini kwenye puto na kukubali kwenda polepole. Usimpe zote mbili bure.

Rangi ya samawati kwenye skrini achana nayo, kila mtu anaitumia. Sauti ndiyo inayouma. Nilimwaga maji ya chai yaliyochemka juu ya barafu kwenye sufuria, simu ikirekodi karibu, na ule mpasuko ndio unaousikia puto linapozidiwa.

Juzi mpwa wangu alipigwa risasi 5, akamwaga mchanga wote, akaokoka akiwa karibu kugusa ziwa. Pedi hakuiachilia. Aliniambia tu bunduki imezidi nguvu, na hiyo naikubali; nimeipunguza hadi utando wa kilo 40 kwa risasi.