Sahihisha kidogo, andika kila kitu: kwa mnaohangaika na FreeSurfer, programu ya kupima ubongo kwenye picha za MRI

Wiki iliyopita kijana anayesoma uzamili aliniandikia: "Shikamoo dada. Nina skani 84 za MRI. FreeSurfer imemaliza zote bila kulalamika, lakini nikizifungua naona mistari imepotea njia. Profesa anasema nisahihishe kwa mkono. Ni lazima zote? Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Nilicheka, halafu nikapandwa na hasira kidogo, ila si kwako. Ulinirudisha Ujerumani, kwenye maabara niliyosomea, ambako kazi hii niliifanya mpaka macho yakawa yanaona rangi ya kijivu hata kwenye ugali.

Kwanza, programu kumaliza bila kulalamika si ushahidi wa chochote. Amri ya recon-all, inayoendesha kazi yote, hufanya kazi kwa saa nyingi, na hata ikilihesabu ganda la fuvu kuwa ubongo, bado itakuaga kwa heshima. Kazi yenyewe huenda kwa hatua, na mpango wake haujabadilika sana tangu watafiti Anders Dale na Bruce Fischl walipoueleza mwaka 1999. Programu husawazisha mwangaza ili mada nyeupe, yaani tishu ya ndani ya ubongo, ikae karibu na 110, huvua fuvu, hutenga mada nyeupe, huifunika kwa wavu wa pembetatu, kisha huusukuma wavu huo nje hadi mwisho wa mada ya kijivu, tishu inayoifunika ile nyeupe. Mstari wa njano ni mpaka wa mada nyeupe, mwekundu ni ukingo wa nje. Umbali kati yao ndio unene wa gamba la ubongo, kwa wastani milimita 2 na nusu hivi, na voksel yako moja, yaani kijisanduku kimoja cha picha, ni milimita 1. Mstari ukihama voksel moja tu, piga hesabu umeharibu kiasi gani.

Sisi tulikuwa na skani za wazee. Mzee hutikisika ndani ya mashine, na ubongo wake ukisinyaa, kazi ya kuutenga na utando mgumu unaouzunguka, yaani dura, inaweza kuwa mtihani. Mstari mwekundu ulikuwa unaikumbatia dura kana kwamba ni gamba, hasa pembeni ya lobu ya temporali, sehemu ya ubongo iliyo upande wa sikio. Pale kwenye ncha ya lobu hiyo, mada nyeupe ilififia, mstari wa njano ukaishia njiani na sehemu nzima ya ubongo ikakatwa. Ilifika wakati nikiangalia kipande kimoja cha koronali, yaani picha moja inayokata kichwa kutoka sikio hadi sikio, nakwambia tatizo limeanzia hatua gani. Najisifu, ndiyo. Hakuna mwingine aliyenisifu. Mkubwa mmoja pale alikuwa akipita nyuma ya kiti changu anauliza, "Bado unapaka rangi?" Makala ilipotoka, jina langu lilikuwa chini kabisa kwenye shukrani, na herufi moja imekosewa. Miaka imepita. Bado nalijua ni herufi ya ngapi.

Haya, kazi. Rekebisha kuanzia juu kwenda chini, maana kosa la hatua ya mwanzo hushuka na kila kitu. Fundi akikata kitambaa upande, hakuna pasi itakayomwokoa. Sehemu kubwa ya fuvu ikibaki, usikae na kifutio usiku kucha: punguza kwanza kizingiti cha -wsthresh, kinachoamua fuvu livuliwe kwa ukali gani, chini ya 25 ambayo ni ya kawaida, uone. Mada nyeupe ikififia, weka pointi za kudhibiti, yaani alama za kuiambia programu kwamba hapa ni mada nyeupe, lakini tu kwenye voksel ambayo una hakika ni nyeupe na thamani yake iko chini ya 110. Usiziweke ukingoni, usizirundike mahali pamoja, zisambaze kwenye vipande kadhaa, kisha rudia hatua zinazofuata kwa -autorecon2-cp na -autorecon3. Dura ikimezwa, ifute kwenye brainmask.mgz, faili la ubongo uliovuliwa fuvu, na urudie hatua ya ukingo wa nje peke yake.

Na jifunze kuacha. Mabaki ya fuvu ambayo mstari mwekundu haujayagusa hayakuhusu. Serebela, ule ubongo mdogo wa nyuma, haimo kwenye nyuso hizi za wavu, iache. Karibu na hipokampasi na amigdala, sehemu za ndani ya ubongo, mistari huwa ya ajabu, na ndivyo ilivyo. Vijana wengi huteketeza wiki hapo wakitafuta uzuri. Huu si mchoro wa ukutani.

Sasa swali lako: zote? Kuangalia, zote. Kugusa, hapana. Panga skani kwa namba ya Euler, kipimo cha kasoro za umbo, ya uso wa wavu kabla haujazibwa matundu. Uso safi una 2, na namba inavyozama chini ya sifuri ndivyo matundu na vishikio, yaani sehemu zilizoungana pasipotakiwa, vinavyoongezeka. Anza na zilizozama zaidi. Andika kanuni zako kabla hujashika kifutio: kosa la ukubwa gani linaguswa, na lipi linaachwa. Ficha nani mgonjwa na nani mzima, tena ufichwe wewe mwenyewe, kwa sababu mkono unaojua jibu hulisogelea. Toleo la programu na mfumo wa kompyuta viwe vilevile kwa skani zote, kwa kuwa vikibadilika, unene nao hubadilika hata bila mkono wa mtu. Kama skani zako ni za kawaida za hospitali, zile za vipande vinene vya milimita 5, achana na kifutio kabisa, jaribu recon-all-clinical, amri iliyotengenezwa kwa skani kama hizo.

Kila ulichogusa kiandike: skani ipi, kipande kipi, umefanya nini, kwa sababu gani. Watu wa takwimu wataringa na mistari yao ya msimbo, nawe usipokuwa na daftari utaonekana mpakaji rangi tu. Nawaambia na ninyi wengine mnaosoma: kusahihisha ni uamuzi wa kisayansi, na anayeamua anastahili jina juu, si chini. Basi kabla ya skani ya kwanza muulize profesa jina lako litakaa wapi, na umuulize kwa barua pepe. Akijibu "tutaona mbele ya safari," sahihisha 5 tu, mpelekee picha za kabla na baada pamoja na tofauti ya unene, halafu muulize tena.