Vijana, someni kibandiko cha diski kabla ya kufomati

Nyie mnaofufua IBM PC na XT, kompyuta za miaka ya 1980, nawapenda sana, lakini makosa tuliyokwisha kuyazika mnayafukua pamoja na mashine. Tuelewane kabla hamjanunua diski ngumu nyingine.

1. Umeme kwanza. Pawa saplai ya PC ya 1981 ni wati 63.5 tu. XT ya 1983, iliyotoka na diski ya megabaiti 10, ilipewa wati 130, na diski ndiyo sababu kubwa.

2. BIOS ya PC (programu ya kiwandani inayoiamsha mashine) iliyotangulia ile ya tarehe 27/10/1982 haiitafuti ROM ya kwenye kadi, yaani chipu yenye programu ya kuiendesha kadi hiyo. Kadi ya diski itakaa kimya, nanyi mtailaumu bure.

3. MFM na RLL, njia mbili za kuandika data kwenye diski. Hapa ndipo mnaponiumiza. Kadi ya RLL hupanga sekta (vipande vya data) 26 kwa kila traki (duara moja la diski) badala ya 17 za MFM, kwa hiyo diski ya Seagate ST-225 ya megabaiti 20 inageuka ya 30. Waya ni zilezile, ya pini 34 na ya pini 20, hakuna kinachokuzuia. Kijana mmoja aliniletea diski ya namna hiyo. Aliinunua pamoja na mashine, ikiwa na faili za mwenyewe wa kwanza. Kadi yake ya RLL haikuweza kusoma kilichoandikwa kwa MFM, akadhani diski ni tupu, akaingia debug, programu ya DOS (mfumo endeshi wa mashine hizi), akaandika g=c800:5, amri ya kuamsha programu ya kufomati iliyomo kwenye kadi, akafomati upya. Akafurahia megabaiti 30 zake kwa muda, kisha sekta zikaanza kupotea moja moja. Tukairudisha kwenye MFM na ikafanya kazi vizuri, maana diski haikuwa na ubaya wowote. Zile faili za mtu ndizo hazikurudi, na bado zinaniuma, kwa sababu hatukujua hata zilihusu nini. Ukitaka RLL tafuta diski ya ST-238R, imepimwa kwa kazi hiyo. Na diski yoyote yenye historia isome kwanza kwa kadi iliyokuja nayo, unakili kila kitu, ndipo ufikirie nafasi.

4. Intalivu, yaani mruko kati ya sekta moja na inayoifuata kwa namba: XT ilitumia 6:1, sekta inayofuata ikiwa ya sita mbele. Ukilazimisha 1:1 kwenye kadi isiyoimudu, sekta inayofuata inakupita kila mara na unasubiri mzunguko mzima.

5. DOS 3.3 haipiti megabaiti 32 kwa patisheni (sehemu ya diski) moja. Msinunue 40 halafu mkashangaa.

6. ST-225 haiegeshi yenyewe vichwa vyake vya kusomea mahali salama. Endesha programu ya kuegesha kabla ya kuzima na kubeba, hata kama ni kutoka meza hii hadi ile. Anayetaka tu kucheza na DOS afunge kadi ya XT-IDE na CompactFlash (kadi ndogo ya kumbukumbu inayoshika nafasi ya diski ngumu), aiache diski ya zamani ipumzike.

7. Traki mbovu zimeandikwa kwenye kibandiko kiwandani, kwa namba ya silinda (traki zilizopangana juu ya nyingine) na ya kichwa. Nakilini orodha hiyo leo, gundi yake imeshazeeka, kisha muiingize yote wakati wa kufomati hata kama programu inasema diski ni safi.